Ripoti inasema GRCh37, brausa inasema GRCh38: hii "genome assembly" ni kitu gani hasa?

*"Shikamoo daktari. Nasoma masters ya baiolojia, bioinfomatiki ndo kwanza naianza. Dada yangu alipimwa DNA akapewa ripoti, imeandikwa HBB, chr11:5248232, T>A, heterozaigasi, halafu chini kwa maandishi madogo 'genome assembly GRCh37'. Nikaingiza hiyo namba kwenye brausa ya jenomu nikatua sehemu nyingine kabisa, jeni ya jirani ni HBG1, HBB haipo hapo. Maabara wamekosea? Au waliiunganisha vibaya jenomu ya dada? Na hili neno lenyewe linanichanganya, makala moja inasema 'tumefanya assembly', nyingine inasema 'assembly yetu ina Gb 1.2', halafu programu inaniambia 'chagua assembly'. Ni kazi, ni kitu, au ni toleo? Dada anauliza kama bado aiamini ripoti."*

Marahaba. Nianze na dada maana yeye ndo anasubiri jibu, wewe unaweza kuvumilia kidogo. Kwa hayo uliyoandika sioni kosa lolote la maabara. Namba 5248232 kwenye kromosomu ya 11 ni sahihi kabisa kwa GRCh37, ndo nafasi inayojulikana ya badiliko la siko seli kwenye jeni ya HBB, ile inayotengeneza globini ya beta ya hemoglobini. Brausa yako karibu hakika ilifunguka na GRCh38, na kwenye GRCh38 nafasi hiyohiyo inasomeka 5227002. Tofauti ni herufi 21,230 za DNA. Ukichukua namba ya GRCh37 ukaitafuta kwenye GRCh38 unatua pale pale ulipotua, pembeni ya HBG1, jeni ya globini ya gamma, ile inayofanya kazi mtoto akiwa tumboni. Kwa hiyo umeenda sehemu halisi ila kwa kutumia kipimo cha toleo lingine.

Sasa swali lako la pili, na nikwambie tu hujachanganyikiwa peke yako. Uliuliza ni kazi, ni kitu au ni toleo. Ni vyote vitatu. Kwenye Kiingereza cha wanasayansi neno hilo linatumika kwa maana tatu na hakuna anayekuonya anapohama kutoka moja kwenda nyingine, saa zingine wanahama ndani ya aya moja. Na ukitafuta mtandaoni unaletewa na ya nne, ile lugha ya kompyuta, hiyo achana nayo haihusiani.

Tuanze na kazi. Hamna mashine inayosoma kromosomu ya mtu kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa pigo moja. Mashine inatoa vipande. Mashine za Illumina ambazo maabara nyingi wanazo zinatoa vipande vya herufi 150 hivi kila kimoja, mamilioni kwa mamilioni, na jenomu ya binadamu ukihesabu seti moja tu ina herufi kama bilioni 3.1. Vipande vinakuja vimechanganyika, hujui kipi kimetoka wapi. Asembli kwa maana ya kazi ni kuvirudisha kwenye mpangilio wake kwa kuangalia wapi vinapandana. Chukua vipande hivi vitatu:

ATGGCGTAC
GTACCTTAG
TTAGGACA

Cha kwanza kinaishia na GTAC na cha pili kinaanza na GTAC, cha pili kinaishia na TTAG na cha tatu kinaanza na TTAG, kwa hiyo unapata ATGGCGTACCTTAGGACA. Rahisi. Haemophilus influenzae, bakteria wa kwanza kusomwa jenomu yote, mwaka 1995, alifanyiwa hivi hivi kwa vipande vilivyokatwa ovyo ovyo na kupangwa na kompyuta, herufi kama milioni 1.83.

Shida inaanza pale jenomu inapojirudia. Chukua sehemu yenye CACACACACACA ndefu kuliko kipande chako, kila kipande kinachotoka katikati yake kinafanana na mwenzake, na programu haiwezi kujua CA zilikuwa kumi au mia mbili. Kwa binadamu hali ni mbaya zaidi ya hapo. Kuna kipande kinaitwa Alu, urefu wake kama herufi 300, kipo zaidi ya nakala milioni moja, yaani kama asilimia 10 ya jenomu nzima ni hicho kitu kimoja kinajirudia na tofauti ndogo ndogo. Kwenye sentromia, ile sehemu kromosomu inapobanwa, kuna mfuatano wa herufi kama 171 unaojirudia kwa mamilioni ya herufi. Kipande cha herufi 150 hapo hakina msaada, kinazama chote ndani ya marudio na hakigusi kingo. Ndo maana vipande virefu vimebadilisha mchezo: PacBio wanatoa vya herufi 15,000 mpaka 20,000 vyenye usahihi mkubwa, Nanopore wanaweza kuvuka 100,000. Kipande kikiwa kirefu kuliko marudio kinatoka upande huu mpaka ule na mzozo unaisha. Programu zenyewe zinatofautiana, zingine zinatafuta mpandano kati ya vipande vizima, zingine zinavikatakata tena kuwa vidogo na kuchora grafu ya de Bruijn, ila hiyo ya mitihani utaisoma darasani.

Kwa hiyo makala ikisema "tumefanya assembly" wanazungumzia hii kazi.

Maana ya pili ni kitu kinachobaki kazi ikiisha, yaani faili. Ndo ile "assembly yetu ina Gb 1.2", Gb moja ni herufi bilioni moja. Hapa naomba uwe makini, maana watu wengi wanasema jenomu wakimaanisha asembli na kinyume chake. Jenomu iko ndani ya seli. Asembli ni maelezo yetu kuhusu hiyo jenomu, yana mapengo, yana makosa, na sehemu zingine programu imekisia. Mnyama anaweza kuwa na jenomu ya Gb 1.5 na asembli yake ikawa Gb 1.2 kwa sababu marudio yamebanwa pamoja, au ikazidi kwa sababu nakala ya baba na ya mama zimehesabiwa kama sehemu mbili tofauti. Ukikuta namba mbili hazilingani usishtuke, uliza tu ipi ilipimwa maabara na ipi ilitoka kwenye faili.

Ndani ya hilo faili utakutana na kontigi, ambayo ni mfuatano usio na pengo, na skafoldi, ambayo ni kontigi kadhaa zilizopangwa kwa mpangilio unaoaminika ila katikati kuna mapengo yaliyojazwa herufi N. Halafu utaona namba ya N50 inatangazwa kwa mbwembwe. N50 unaipata hivi: panga kontigi zote kuanzia ndefu, zijumlishe mpaka ufike nusu ya asembli nzima, urefu wa ile uliyofikia ndo N50. Kubwa ni nzuri, kwa kawaida. Mimi binafsi siipendi ikiwa peke yake, kwa sababu programu ikiunganisha kimakosa vipande viwili visivyohusiana N50 inapanda vizuri tu, na mwandishi anafurahi. Nataka nione na BUSCO, ile inayoangalia kama jeni zinazotarajiwa kuwepo kwenye kundi hilo la viumbe zipo kweli na hazijarudiwa, na nione vipande asilia vikirudishwa juu ya asembli vinakaa au vinagoma.

Na ukisikia mtu anasema jenomu "imekamilika", muulize imekamilika vipi. Rasimu ya jenomu ya binadamu ilichapishwa Februari 2001, Aprili 2003 ikatangazwa mradi umekamilika, na bado kama asilimia 8 ilikuwa haijasomeka, hasa sentromia na mikono mifupi ya kromosomu ya 13, 14, 15, 21 na 22. Ilibidi tusubiri mpaka 2022 kundi la T2T lilipotoa asembli ya CHM13 bila mapengo, herufi bilioni 3.055. Hata hiyo walitumia seli za aina yake, zilizotokana na mimba zabibu, ambapo DNA yote imetoka kwa baba na nakala mbili zinafanana, kwa hiyo kompyuta haikuhangaika kutofautisha ya baba na ya mama. Seli hizo hazikuwa na kromosomu Y, Y kamili ikachapishwa 2023 kutoka kwa mtu mwingine.

Maana ya tatu ndo iliyokupiga chenga. Asembli ikishakubalika na watu wengi inageuka kuwa kipimo cha pamoja, yaani tukisema kromosomu ya 11 nafasi fulani wote tunahesabu kwenye faili moja. Hapo "assembly" inamaanisha toleo gani la rejea. GRCh37 ilitoka Februari 2009, GRCh38 ikatoka Desemba 2013. Brausa ya UCSC inaziita hg19 na hg38, na usijiulize 20 mpaka 37 zilienda wapi, waliruka makusudi ili namba zifanane na za GRC, kundi linalotunza hiyo rejea. Wengine wanasema bildi badala ya asembli, ni kitu kilekile. Herufi na namba za mwisho kama p13 au p14 ni viraka, vinaongezwa pembeni na havibadilishi namba za nafasi kwenye kromosomu, kwa hiyo GRCh38.p13 na GRCh38.p14 hazitakusumbua kwa hili.

Kutoka 37 kwenda 38 zilibadilika kweli kweli. Kromosomu ya 1 ilikuwa na herufi 249,250,621 ikawa 248,956,422. Mapengo mengine yalizibwa, mengine yalikadiriwa upya, sehemu zilizopangwa vibaya zikanyooshwa. Ni kama barabara iliyopimwa upya na mawe ya kilomita yakahamishwa, nyumba haijasogea hata hatua moja ila jiwe lililo mbele yake lina namba nyingine. HBB ya dada yako ipo palepale ilipokuwa siku zote.

Dhana moja naona imejificha kwenye swali lako niitoe kabisa: uliuliza kama waliiunganisha vibaya jenomu ya dada. Karibu hakika hawakuiunganisha kabisa. Vipimo vingi vya hospitali havifanyi asembli ya mgonjwa. Wanachukua vipande vyake, kila kimoja wanakitafutia sehemu kinapofanana zaidi kwenye rejea, halafu wanaorodhesha wapi ametofautiana nayo. Hiyo ni kulinganisha, kazi nyepesi mno kuliko asembli. "Genome assembly GRCh37" kwenye ripoti maana yake ni moja tu, tumehesabu nafasi kwa kutumia toleo hili. Na nikisema rejea usifikirie mtu mwenye afya kamili aliyewekwa kama mfano. GRCh38 ni mchanganyiko wa watu kadhaa, kama asilimia 70 imetoka kwa mtu mmoja aliyejitolea, na ndani yake kuna herufi adimu tu kama mtu mwingine yeyote. Kutofautiana na rejea peke yake siyo ugonjwa. Mwaka 2023 ilitoka rasimu ya panjenomu yenye watu 47 kwa sababu hiyo hiyo, mtu mmoja au wachache hawawezi kuwa kipimo cha binadamu wote.

Kuna mambo mawili mengine kwenye hiyo ripoti yatakayokushtua ukiendelea kuchimba, afadhali nikuambie sasa. Ripoti imeandika T>A, lakini vitabu vinasema badiliko la siko seli ni A kwenda T, GAG inakuwa GTG. Zote sawa. HBB inasomwa upande wa pili wa DNA, kwa hiyo unachokiona T>A kwenye kromosomu ni A>T ukisoma kwa mwelekeo wa jeni, na ukurasa mwingine wa ripoti unaweza kuandika c.20A>T. Halafu kwenye protini vitabu vya zamani wanaliita badiliko hilo Glu6Val na ripoti za sasa Glu7Val, hapo ni suala la kuhesabu au kutohesabu methionini ya mwanzo. Hakuna mabadiliko mawili hapo, ni moja hilohilo.

Ufanyeje sasa? Njia rahisi ni kubadilisha brausa iwe GRCh37 uingize namba kama ilivyo kwenye ripoti. Kwa badiliko moja fanya hivyo, yatosha. Njia ya pili ni kutafuta kwa namba ya rs, yaani namba ya usajili wa badiliko, hii ni rs334, yenyewe haijali toleo, ila angalia pia herufi zilizotajwa, maana rs334 hiyohiyo ina zaidi ya badiliko moja lililosajiliwa chini yake. Njia ya tatu ni kuhamisha namba kutoka toleo moja kwenda lingine kwa programu ya liftOver, nzuri ukiwa na orodha ndefu, lakini kuna sehemu zinagoma kuhama, na kuna chache ambazo zimegeuzwa upande kati ya matoleo kwa hiyo herufi nazo zinatakiwa kugeuzwa. Ukiwa na data yenyewe ya vipande na muda wa kutosha, kulinganisha upya na GRCh38 ndo safi kuliko zote, ila ni gharama ya kompyuta na kwa swali lako ni kuua inzi kwa rungu.

Mtego mmoja umewaumiza wengi kwenye kuhamisha: faili za BED, zile za kuorodhesha maeneo ya jenomu, zinaanza kuhesabu na sifuri, faili za VCF, zile za kuorodhesha mabadiliko, zinaanza na moja. Nafasi yako 5227002 kwenye BED inaandikwa kuanzia 5227001 mpaka 5227002. Ukichanganya ukateleza herufi moja kwenda mbele unafika 5227003, na hapo siyo sehemu tupu, ni nafasi ya badiliko la hemoglobini C, ambalo ni kitu kingine na ushauri wake kwa familia ni mwingine. Kwa herufi moja tu. Ndo maana kabla sijaamini orodha yoyote iliyohamishwa nachukua mistari michache naangalia herufi ya rejea pale inafanana na iliyoandikwa kwenye faili. Kwa rs334 inatakiwa kuwa T. Ukikuta herufi nyingine, simama, usiendelee.

Kwa masomo yako, kwenye thesis andika toleo kamili, mfano GRCh38.p14 au ile namba ya NCBI GCF_000001405.40, usiandike tu "jenomu ya binadamu". Na usichanganye faili za hg19 na GRCh37 kiholela, kromosomu zinafanana ila majina yanatofautiana, huku chr11 kule 11, na hg19 ya asili ya UCSC ilibeba mfuatano wa mitokondria wenye herufi 16,571 wakati rejea inayotumiwa kawaida ina 16,569. Ukiwa na kazi ya mitokondria hizo herufi mbili zitakupa majibu ya ajabu. Kama unaanza mradi mpya kabisa mimi ningeenda GRCh38. CHM13 ni bora kwa sehemu zenye marudio, ila hazina nyingi za kitabibu bado zimejengwa juu ya 37 na 38, na utatumia muda mwingi kuhamisha namba huku na kule.

Turudi kwa dada. Maabara kuendelea kutumia GRCh37 hakufanyi jibu kuwa bovu, zipo bado zinazoitumia kwa sababu mifumo yao ilithibitishwa juu yake na kuhama ni kazi nzito. Ila mimi na wewe tumeangalia mstari mmoja tu wa ripoti, na mstari mmoja hautoshi kumwambia mtu kuhusu damu yake. Heterozaigasi kwa badiliko hili, yaani mwenye badiliko kwenye nakala moja tu kati ya mbili za jeni, kwa kawaida ni mbebaji, siyo mgonjwa wa siko seli, na wabebaji wengi wanaishi bila shida. Lakini mtu anaweza kuwa na badiliko hili upande mmoja na lingine la HBB upande wa pili, kama hilo la C au thalasemia ya beta, na hapo habari inabadilika, kwa hiyo ripoti nzima inatakiwa isomwe na daktari au mshauri wa jenetiki ana kwa ana. Aombe na kipimo cha hemoglobini chenyewe, elektroforesisi au HPLC, hicho kinaangalia protini kwenye damu na hakijui habari za GRCh37 wala 38. Kama ana mpango wa kupata mtoto, mwenza naye apimwe kabla, maana wote wakiwa wabebaji kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa na siko seli. Na kama amekuwa na maumivu makali ya mifupa, macho ya njano au upungufu wa damu unaojirudia, asingoje miadi ya mbali, aende hospitali sasa na aende na ripoti yote, kurasa zote, pamoja na hiyo yenye maandishi madogo chini.